Valvu ya Kwanza

Kuna swali ambalo nimelibeba kwa miaka mingi bila kulipatia jibu, nalo ni hili: mtu akifanya kosa dogo, kisha kosa lile likakuzwa na mambo mengine hadi likaleta madhara makubwa, je, anawajibika kwa udogo wa kosa alilolifanya, au kwa ukubwa wa madhara yaliyotokea? Nilipokuwa mwalimu swali hili lilinijia mara kwa mara uwanjani wakati wa mapumziko. Mtoto mmoja amerusha kijiwe, kimempata mwenzake karibu na jicho. Mwingine amerusha jiwe kubwa zaidi, limepita bila kumgusa mtu. Yupi apewe adhabu kubwa? Sisi walimu tuliadhibu kwa kufuata damu. Yule wa jiwe kubwa alirudi darasani akicheka.

Sikutegemea kwamba swali hili lingenirudia uzeeni, tena kwa njia ya gitaa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika sura hii nataka kumweleza msomaji jinsi lilivyonirudia, na jibu nililolipata, ambalo si jibu la kunifurahisha.

Ninaishi Kakola, mji mdogo ulio kando ya mgodi wa Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Msalala, mkoa wa Shinyanga. Wageni huujua mji huu kwa dhahabu tu. Ni kweli kwamba hapa wachimbaji wadogo walichimba kwa miaka mingi kwa sururu na nyundo, hadi walipoondolewa Agosti 1996, na kwamba mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulianza uzalishaji mwaka 2001. Lakini mji una mengine pia: maduka, makanisa, kwaya, na mafundi wa kila namna. Miongoni mwa mafundi hao yuko mmoja aliyekuwa mwanafunzi katika shule niliyoiongoza. Sitamtaja jina. Ameniruhusu kueleza habari hii kwa sharti hilo, na sharti lake ni la haki.

Fundi huyu anakaribia miaka 50. Ana kibanda kando ya barabara ambako hutengeneza redio, televisheni, simu na vyombo vya muziki vya makanisa. Jioni moja alikuja nyumbani kwangu akiwa na karatasi nyingi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimeleta kazi. Mikono ninayo, lakini nahitaji macho yako."

Kazi yenyewe ilitokana na vijana wa kwaya yetu. Walikuwa na gitaa zuri, lakini amplifaya waliyokuwa nayo ilitoa sauti kavu, tena ukiipandisha ilikwaruza masikio. Mmoja wao alikuwa amesikia kwamba bendi za zamani zilitumia amplifaya za valvu, yaani zile taa za kioo ambazo sisi wazee tulizoea kuziona zikiwaka rangi ya chungwa nyuma ya redio kubwa. Akachapa kutoka kwenye intaneti maelezo ya namna ya kuitengeneza, yote kwa Kiingereza, akampelekea fundi. Fundi naye akanipelekea mimi.

Niseme kweli, nilifurahi. Sisi wa rika langu tulikua tukisikiliza Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na Western Jazz ambayo mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alitoka Nzega, si mbali sana na kwetu. Wakati bendi zile zinaanza, transista ilikuwa bado ngeni. Ilibuniwa Marekani mwaka 1947, na ilichukua miaka mingi kuziondoa valvu katika vyombo vya muziki. Hata leo wapiga gitaa wengi duniani hawajakubali kuziacha, na valvu mpya bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China kwa ajili yao. Sababu yao ni kwamba valvu ikizidiwa na nguvu haikati sauti ghafla. Huibana taratibu, na sauti huwa nene badala ya kuwa chafu.

Ili msomaji aelewe yaliyofuata, inafaa nieleze kidogo valvu inafanya kazi gani. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza kioo kisicho na hewa ndani, chenye filamenti inayopashwa moto na bamba la chuma mbele yake. Umeme ulipita kutoka kwenye moto kwenda kwenye bamba, wala haukuweza kurudi. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza kitu cha tatu katikati, kiunzi chembamba cha waya kiitwacho gridi. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Umeme kidogo sana ukiwekwa kwenye gridi huutawala umeme mwingi unaopita, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga bomba kubwa la maji. Sauti hafifu ya waya wa gitaa ikiingia kwenye gridi, hutoka upande wa pili ikiwa ile ile, lakini kubwa.

Amplifaya yetu ilikuwa ndogo. Fundi alipata transfoma na valvu ya mwisho, EL84, kutoka kwenye redio kubwa ya zamani yenye sahani ya santuri. Kwa valvu ya kwanza, ile inayopokea gitaa, alikuwa na tatu za aina ya ECC83 alizozihifadhi kutoka kwenye vipaza sauti vibovu. ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, ina miguu 9, na ndani ya kioo kimoja mna valvu mbili. Katika amplifaya kama yetu kila moja hukuza sauti kiasi cha mara 50. Sauti hupita ya kwanza, kisha ya pili, ndipo iende kwenye EL84 ambayo huisukuma spika.

Tulifanya kazi jioni, yeye kwenye meza, mimi kwenye kiti nikisoma na kutafsiri. Nikimwambia kwamba gridi ya kwanza inahitaji rezista ya omu 1,000,000 kwenda ardhini, mkono wake ulikuwa umekwisha kuiokota. Nikimwambia ya omu 100,000 iende kwenye bamba, alichagua yenye mistari ya kahawia, nyeusi na njano bila kutazama mara mbili. Alikuwa mwangalifu mno. Kabla ya kugusa kitu alimwaga umeme uliobaki ndani ya kapasita, kwa sababu hubaki na volti zaidi ya 250 hata chombo kikiwa kimezimwa, na huweza kuua. Mimi alinitaka niweke mkono mmoja mfukoni kila nilipoinama kuchungulia.

Baadaye, kwa heshima tu nadhani, alinipa na mimi kazi ya mikono. Ilikuwa kazi rahisi: kulaza nyaya mbili zinazopeleka umeme wa volti 6.3 kwenye filamenti za valvu. Nyaya hizi hazibebi muziki. Kazi yake ni kupasha joto tu, kama kuni jikoni. Nilizilaza zikiwa zimenyooka sambamba, zikafuata ukingo wa bati, zikapinda kwa pembe mraba na kufika kwenye miguu ya 4, 5 na 9 ya valvu ya kwanza. Zilipendeza kama mistari ya daftari. Niliridhika nazo.

Tulipoiwasha, filamenti ziliwaka, gitaa lilisikika, lakini chini ya gitaa kulikuwa na mvumo. Hata kijana alipoacha kupiga, mvumo ulibaki, mzito, kama lori lililosimama nje bila kuzimwa injini. Vijana wa kwaya walitazamana. Mmoja alipunguza besi, mvumo ukapungua, lakini gitaa nalo likapoteza mwili wake. Fundi akamwambia arudishe.

Kisha akaanza kuutafuta. Alichomoa ECC83, mvumo ukakoma kabisa. Maana yake EL84 na transfoma havikuwa na hatia, na mvumo uliingia kwenye valvu ya kwanza. Akairudisha. Akapunguza kitufe cha sauti, ambacho kimewekwa kati ya nusu ya kwanza na nusu ya pili ya valvu ile, mvumo ukapungua pamoja nacho. Basi uliingia mapema zaidi, kwenye nusu ya kwanza, kabla ya kitufe. Akageuza chombo, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu, karatasi inasema nini juu ya nyaya za moto?"

Nilifungua ukurasa ule. Ilikuwepo aya moja fupi, ambayo niliiona siku ya kwanza na kuiruka nikidhani ni habari ya unadhifu. Ilisema kwamba nyaya zile zisokotwe pamoja kwa kubana, zilazwe pembeni, zisikaribie waya wa gridi, na zikilazimika kuuvuka ziuvuke kwa pembe mraba. Sababu yake ni kwamba umeme wa kupasha moto ni umeme geu, unaoenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kwa valvu zetu mbili ulikuwa zaidi ya ampia 1. Nyaya mbili zikisokotwa, uchafu wa mmoja hufuta uchafu wa mwingine, kwa kuwa umeme ndani yake hukimbia kinyume. Zikilazwa wazi kando ya gridi, gridi husikia. Mimi nilikuwa nimezilaza wazi, sambamba na waya wa gridi, kwa urefu wa kidole kizima.

Tulipiga hesabu. Tuseme nyaya zangu ziliweka kwenye gridi uchafu wa sehemu moja ya elfu ya volti, kiasi ambacho hakuna mtu angeweza kukihisi. Nusu ya kwanza huikuza mara 50, nusu ya pili mara 50 tena, yaani mara 2,500. Kitufe kikifunguliwa chote, sehemu moja ya elfu hufika kwenye EL84 ikiwa volti 2.5. Na EL84 huhitaji kama volti 4 tu ili itoe nguvu yake yote. Kwa hiyo nyaya zangu nadhifu zilikuwa karibu zishindane na gitaa.

Kwa kuona haya nilijaribu kufanya mzaha. Nikamwambia, "Ungeisoma mwenyewe karatasi hii usingepata hasara ya kumtegemea mzee anayeruka aya."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, hata ingekuwa ya Kiswahili ningekuletea wewe."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Herufi anazijua. Maneno mafupi anayasoma. Lakini sentensi ndefu humponyoka kabla hajafika mwisho, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu shule. Alimaliza darasa la saba mwaka 1989 akiwa hivyo hivyo, akaenda machimboni Bulyanhulu kubeba mawe, kisha akachukuliwa na fundi wa redio. Huko alikutana na kitu ambacho aliweza kukisoma: rangi. Nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2, na kuendelea hadi nyeupe ambayo ni 9. Alizikariri kwa siku mbili. "Rezista haikunicheka," alisema.

Nikamuuliza darasa la kwanza alianza mwaka gani, ingawa nilikwisha kulijua jibu. Alianza mwaka 1983. Na mwaka 1983 mwalimu mkuu wa shule ile nilikuwa mimi.

Hapa inanipasa nirudi nyuma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika Azimio la Musoma, iliamua kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wamepata nafasi ifikapo Novemba 1977. Lilikuwa jambo kubwa na jema, nami siwezi kulibeza, kwa maana bila hilo watoto wengi wa vijiji vyetu wasingeona ubao. Lakini walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Wengi wao walikuwa hodari kwa moyo, ila walihitaji kushikwa mkono.

Kwangu alikuja binti mmoja wa namna hiyo, hajafika hata miaka 20. Nilikuwa pia na mwalimu mmoja wa makamo, mwenye cheti cha chuo, ambaye aliweza kumfundisha kusoma mtoto yeyote. Kama mwalimu mkuu nilipaswa kuwapanga. Mwalimu hodari nilimpa darasa la saba, kwa sababu darasa la saba lina mtihani, na matokeo ya mtihani husomwa mbele ya watu. Binti yule nilimpa darasa la kwanza, watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, kwa sababu darasa la kwanza halina mtihani. Nilijiambia kwamba a, e, i, o, u ni kazi rahisi. Ni kazi ya kupasha joto tu. Kila mwaka nilifanya hivyo, na kila mwaka tulipata watoto wachache wa kwenda sekondari, nami nilipongezwa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimepata swali langu la zamani, na safari hii lilikuwa na jina na uso.

Nilianza kwa kujitetea, kama binadamu afanyavyo. Nilijiambia kwamba kumpanga mwalimu mmoja katika darasa fulani ni kosa dogo sana. Sikumpiga mtoto yule, sikumfukuza, sikula ada yake. Kilichomfikisha alipofika kilikuwa na mikono mingi: umaskini wa nyumbani, siku alizokaa akichunga ng'ombe, uhaba wa vitabu, walimu sita waliofuata ambao kila mmoja alimpandisha darasa bila kumsikiliza akisoma. Mimi niliweka sehemu moja ya elfu. Waliokuza ni wengine.

Lakini utetezi huu haukusimama mbele ya amplifaya. Nyaya zilezile, kwa unyoofu uleule, zilikuwa zimefika pia kwenye EL84. Pale hazikuleta mvumo wa kusikika, kwa sababu baada ya EL84 kuna spika tu, hakuna tena wa kukuza sana. Kosa lilikuwa moja, mkono ulikuwa mmoja, na siku ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa mahali. Kwa hiyo kosa halipimwi kwa umbo lake peke yake. Uzembe wa robo saa katika darasa la saba ni uzembe wa robo saa. Uzembe huo huo katika darasa la kwanza hupita mikononi mwa kila mwalimu anayefuata, na kila mmoja, hata akiwa mwema, hujenga juu ya kile alichokipokea.

Nikaenda upande wa pili. Nikajiambia, basi yote ni yangu: miaka yake ya kubeba mawe, aibu yake ya kila siku, kila karatasi aliyotia sahihi bila kuisoma. Niliona upesi kwamba huu nao si ukweli, na ndani yake mna namna ya majivuno. Ni kujifanya kwamba maisha ya mtu mzima mwenye akili yalikuwa mikononi mwangu peke yangu. Waya haukukuza kitu. Waya uliweka uchafu, na valvu ndizo zilizokuza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yao. Anayebeba lawama zote huwaondolea wengine haki yao ya kujiuliza.

Basi ukweli uko wapi? Nadhani uko hapa. Mtu hawajibiki kwa ukubwa wa mvumo, kwa sababu mvumo hutegemea mambo asiyoyatawala. Wala hawajibiki kwa udogo wa waya peke yake. Anawajibika kwa uangalifu unaolingana na mahali alipowekwa, kwa kadiri alivyojua kwamba mbele yake kuna wa kukuza. Mtoto aliyerusha kijiwe katikati ya wenzake alikosa zaidi kuliko yule aliyerusha jiwe kubwa kwenye uwanja mtupu, hata kama kijiwe kisingempata mtu. Tulikosea tulipofuata damu. Tulipaswa kuuliza: ulijua kwamba wenzako wako pale?

Na mimi, je, nilijua? Hapo ndipo ninapokosa utetezi. Chuoni tulifundishwa, tena katika muhula wa kwanza, kwamba asiyejua kusoma hawezi kufundishwa somo lolote lingine. Nilijua. Sikulipanga darasa la kwanza vibaya kwa kutojua. Nililipanga kwa sababu macho ya wakaguzi na ya wazazi yalikuwa kwenye darasa la saba, nami nikapeleka uangalifu wangu mahali penye macho. Hilo ndilo kosa lenyewe, na si dogo.

Mafundi wa amplifaya wana desturi ambayo ingenisaidia kama ningeijua mwaka 1983. Wakiwa na valvu kadhaa za aina moja, huijaribu kila moja, huigonga taratibu kwa penseli kusikia kama inapiga kelele, na ile iliyo tulivu kuliko zote huiweka nafasi ya kwanza. Zenye kasoro kidogo huwekwa nyuma, ambako kasoro yao haitakuzwa. Fundi wetu alifanya hivyo na ECC83 zake tatu. Hakuambiwa na mtu. Mimi niliyekuwa na cheti nilifanya kinyume kwa miaka mingi.

Nilifanya pia kile alichokifanya yule kijana wa kwaya na kitufe cha besi. Watoto walipofika darasa la saba wakiwa hawasomi, tuliweka masomo ya jioni, na wakati mwingine fimbo. Mvumo ulipungua kidogo, na watoto nao wakapoteza kitu.

Msomaji ataniambia kwamba mtoto si valvu. Nakubali, na tofauti zake ni mbili. Ya kwanza inanishtaki: nyaya zangu tulizing'oa, tukazisokota na kuzilehemu upya kwa muda wa nusu saa, lakini utoto wa mtu haung'olewi ukalehemiwa upya. Ya pili inamsifu yeye. Waya uliolazwa vibaya hauwezi kujisokota wenyewe. Yeye alipokosa herufi alitafuta rangi, akajifanya fundi ambaye mji mzima unamtegemea. Sifa hiyo ni yake. Siwezi kuitumia kufuta deni langu.

Nilimweleza yote haya siku iliyofuata, tukiwa peke yetu kibandani. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyempanga mwalimu yule katika darasa lao, na kwa nini. Aliendelea kufungua simu ya mtu kwa muda, kisha akasema, "Sisi tulimpenda yule dada. Alikuwa anatuimbisha. Ila tulikuwa wengi mno, Mwalimu. Waliokaa nyuma hatukumsikia." Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikumwuliza. Nilitambua pia kwamba nina deni la pili kwa binti yule, niliyemwachia mzigo ambao mwenye cheti angeuona mzito, kisha sikuingia darasani mwake hata kumsaidia kushika chaki.

Nikamwambia kwamba kama akipenda tunaweza kusoma pamoja jioni. Sauti ya mzee inayojaribu kulipa huwa na haraka, naye aliisikia. Akatabasamu.

"Nitakuja, Mwalimu. Lakini mdogo wangu wa mwisho kwa watoto yuko darasa la kwanza mwaka huu. Kwanza nenda ukaangalie nani anamfundisha."

Nilikwenda. Mambo yamebadilika tangu wakati wangu. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umeelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo ni sawa na kuisokota nyaya vizuri. Lakini watoto bado ni wengi, na nyuma ya darasa bado kuna wasiosikia. Niliomba ruhusa, nikapewa. Sasa asubuhi mbili kwa wiki ninakaa kwenye benchi la nyuma pamoja na wale wa nyuma, nikiwasikiliza mmoja mmoja wakisoma silabi. Mwalimu wao, kijana mwerevu, mwanzoni alidhani nimetumwa kumkagua.

Amplifaya iko kanisani. Kijana akiacha kupiga gitaa kunakuwa kimya, na waumini hawajui kwamba kimya kile kilitafutwa. Nyaya zilizosokotwa ziko chini ya bati ambako hakuna atakayeziona. Kwa wale walio katika kazi za mwanzo, mama mwenye mtoto mchanga, mwalimu wa darasa la kwanza, mkunga, karani anayeandika jina la mtu kwa mara ya kwanza kwenye daftari, nina neno moja tu. Hakuna atakayekupongeza hapo ulipo, kwa kuwa kazi yako ikiwa njema haisikiki. Lakini wewe ndiwe uliye kwenye gridi ya kwanza. Na kwa wale wanaowapanga watu kazini, kama nilivyokuwa mimi: kabla ya kumpeleka aliye hodari mahali penye macho ya watu, tazama kwanza umemweka nani mwanzoni.